Yeye ni wa Kambi

Askari alimwomba kibali yeye. Mimi hakuniomba kitu. Sote wawili hatukuwa Wakenya. Sote wawili tulizaliwa kando ya ziwa moja, Tanganyika, mimi upande wa Kigoma na yeye upande wa Fizi, Kongo, na hewa ikiwa safi baada ya mvua, kwetu tunaiona milima ya kwao ng'ambo ya maji. Tulikuwa kwenye gari moja, kiti kimoja cha nyuma, bega kwa bega, tukitoka Kakuma kwenda Lodwar kwa kazi moja. Nimefanya kazi sehemu nyingine tangu wakati huo, na nimeona mambo mabaya kuliko lile. Lakini lile ndilo linalonijia nikiwa nakunja nguo au nachambua mchele.

Nilikuwa nimeajiriwa na shirika la misaada kama afisa lishe, baada ya miaka mingi ya kupima watoto vijijini kwetu. Ndege ilinishusha Lodwar mchana wa jua kali. Dereva aliyekuja kunipokea alikuwa Mturkana wa Kaikor, mwembamba, mkimya, amevaa kofia iliyopauka. Akanisalimu "Ejok," akanifundisha kuitikia hivyohivyo, kisha akaniuliza kama safari ya kutoka Kenya ilikuwa njema. Nikamwambia sitoki Kenya, natoka Tanzania, nimepitia Nairobi tu.

"Nairobi ndiyo Kenya, madam," akasema. "Hapa ni Turkana."

Nilidhani ni utani. Baadaye nikajua kuwa huko mtu akipanda basi la Kitale husema anaenda Kenya, na hacheki akisema hivyo. Wamekaa karne nzima nyuma ya mlango wa nchi yao wenyewe. Hilo nalo lilinikera, ila wakati huo hasira yangu ilikuwa bado ya mgeni, haijajua pa kukaa.

Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, nilikabidhiwa chumba chenye kiyoyozi ndani ya kompaundi ya shirika, na neno jipya la kujiita. Mimi nilikuwa ekspati. Kwetu Kigoma neno hilo tulilijua kwa Wazungu wa miradi, wenye magari marefu na kaptula. Sikuwahi kufikiri kuwa litanikalia mimi, binti wa mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi. Nililizoea upesi kuliko nilivyotegemea. Ekspati analala kwenye baridi, anapewa likizo ya kwenda kupumzika kila baada ya wiki kadhaa, na anakula kantini.

Kantini yetu ilikuwa na feni tatu na friji la soda. Kabichi, karoti na maziwa vilikuja na lori kutoka Kitale. Jumatano ilikuwa siku ya tambi na jibini. Mpishi alikuwa hodari, simlaumu. Lakini nje ya ukuta wa kompaundi kulikuwa na mji mzima wenye harufu za vyakula ambazo sisi wa ndani tulizisikia tu upepo ukigeuka: anjera za Wasomali asubuhi, buni inayokaangwa na Wahabeshi, nyama ya mbuzi ya Waturkana kwenye makaa, uji na mboga za bamia za watu wa Sudan Kusini. Wenzangu wengine waliokaa pale miaka miwili walikuwa hawajawahi kula nje ya geti. Walisema ni kwa sababu ya tumbo.

Wiki yangu ya kwanza nikakutanishwa na dada niliyepangiwa kufanya naye kazi. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye mwanya na kicheko kinachosikika vyumba vitatu. Kwao Fizi alikuwa mkunga. Kambini aliajiriwa kama mfanyakazi wa insentivu, maana yake mkimbizi anayefanya kazi kama sisi na kupewa posho, kwa kuwa mshahara haruhusiwi. Alikuwa ameingia Kakuma akiwa na mtoto mgongoni, na sasa mtoto huyo alikuwa na ndevu. Akina mama wa kliniki walimwita mama lishe. Nilipolisikia nikacheka, nikamweleza kuwa kwetu mama lishe ni mwanamke anayeuza wali na maharage kwenye kibanda cha stendi.

"Basi ni mamoja," akasema. "Miye nafanyaka vyote viwili."

Kweli alifanya vyote viwili. Asubuhi alipima watoto na kufundisha. Mchana, yeye na kikundi chake cha akina mama walipika na kuuza chakula kwenye kibanda cha mabati karibu na geti letu. Nilijua hilo siku nilipomwambia twende tukale. Tuliongozana mpaka mlango wa kantini, na mlinzi, kijana wa Kiturkana mwenye adabu, akanyoosha mkono mbele yake taratibu, kama anayezuia mlango usifungwe na upepo. Akaniambia mimi nipite. Nikamuuliza kwa nini. Akasema watu wa insentivu hawaingii kantini, ni agizo. Nikasema huyu ni mwenzangu, tunafanya kazi meza moja. Akatazama chini.

"Madam, mimi nalinda tu."

Yule dada alikuwa ameshageuka. Hakuonekana kukasirika, na hilo ndilo lililonichoma. Aliniambia niende nikale, chakula kitapoa. Nikaona aibu na hasira kwa pamoja, nikamfuata nje. Nilikula kwenye kibanda chake siku ile, na siku zilizofuata zote.

Alipika bugali wa muhogo, na sombe. Hiyo sombe kwetu ni kisamvu. Majani ya muhogo yalikuja na basi kutoka Kitale yakiwa yamenyauka, akayatwanga kwenye kinu, akayaunga kwa mawese ambayo mfanyabiashara mmoja wa Kikongo aliyapata kwa njia zake. Nilipotia tonge la kwanza mdomoni nilisikia nyumbani kwa mama yangu. Tulibishana kuhusu kila kitu. Samaki ambaye sisi twamwita mgebuka, kwao ni mukeke. Mchicha kwao ni lengalenga. Alisema Kiswahili changu ni cha redio, mtu akinisikiliza anangoja taarifa ya habari. Nilisema chake kimepita porini usiku. Dereva wetu wa Kaikor alikuwa akikaa nasi na kula bila kusema mengi, halafu anauliza kama sisi wawili ni ndugu, maana tunagombana kama ndugu.

Mgao wa chakula ulipopunguzwa, kazi yetu ikawa ngumu. Akina mama walikuja na watoto wepesi kama vikapu. Mkutano baada ya mkutano tulitumiwa mafaili ya kufundishia, yenye picha za matunda ambayo hakuna aliyeyaona Kakuma. Yule dada akaanzisha jambo lake. Kwenye mabomba ya maji ya kambi, pale maji yanapomwagika, akawafanya akina mama wapande lengalenga na kunde. Kisha akawa anapika nao hadharani, kwa mgao huohuo mdogo, akiwaonyesha namna ya kuchanganya mahindi ya njano, dengu na majani ili mtoto apate kitu. Walikuja Wakongo wenzake kwanza, kisha wa Sudan Kusini, kisha akina mama wa Kiturkana wa vijiji vya jirani, wenye shanga mpaka kidevuni, ambao nao walikuwa na njaa ileile na hawakuwa na kadi yoyote ya mgao. Alizungumza nao kwa Kiswahili, Kiarabu cha Juba na mikono. Watoto hawakunenepa, nisidanganye. Ila waliacha kushuka uzito. Kwa mwaka ule, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Katikati ya hayo nikaenda kuliona ziwa Turkana. Wenzangu wa kompaundi walikuwa na desturi ya kwenda mwisho wa juma Lodwar, na kutoka hapo Kalokol, kuogelea na kula samaki. Nilikwenda mara moja. Maji ni ya kijani, yana chumvichumvi, na upepo wake unakuparua. Wanawake walikuwa wakianika sato waliopasuliwa juu ya changarawe. Nikanunua samaki wakavu, nikawafunga kwenye gazeti, nikampelekea yule dada Jumatatu; wakati huo nilikuwa nimeshaanza kumwita dada yangu.

Aliwapokea, akawanusa muda mrefu. Halafu akaanza kuniuliza. Mawimbi yapo? Ng'ambo inaonekana? Maji yakipiga ufukweni yanatoa sauti gani? Nikamjibu huku nikishangaa, mpaka nikaelewa. Hajawahi kuliona. Alikuwa ameishi kwenye kaunti yenye ziwa kubwa kiasi kile tangu mwanawe akiwa mgongoni, safari ya saa chache tu, naye ni mtoto wa mvuvi, aliyejifunza kuogelea kabla ya kusoma. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kibali hakitolewi kwa ajili ya kwenda kutazama maji.

Nikamwambia hiyo ni jela. Akasema hapana, jela wanakupikia.

Tangu siku hiyo sikuenda tena Kalokol. Wenzangu waliniuliza kama ninaumwa.

Ukaja mkutano wa Lodwar. Maofisa wa kaunti na mashirika mengine walikuwa wamesikia habari za mapishi ya bombani, wakataka kuelezwa. Mkuu wetu, Mzungu mpole ambaye hakuwahi kupandisha sauti, akasema mwenye kazi ndiye atakayeeleza. Nilimpenda kwa hilo. Yule dada akaombewa kibali mapema. Akashona gauni la kitenge cha bluu lenye mikono mipana. Alifanya mazoezi ya hotuba yake kibandani, dereva akiwa hadhira, na kila alipofika katikati alisahau akaanza kusimulia habari za mama fulani na mtoto wake, na hizo ndizo zilikuwa nzuri kuliko hotuba. Aliniuliza kama hoteli ya mkutano iko karibu na mto. Nikamwambia Lodwar ina mto Turkwel, na kama ratiba ikiruhusu tutamwomba dereva atupeleke Kalokol jioni. Kisha akasema atavaa kanga ndani ya gauni, asije akakosa nguo ya kuogea.

Kibali hakikutoka. Kila tulipouliza tuliambiwa kipo, kinangoja sahihi, na mwenye sahihi amesafiri. Siku moja kabla ya safari nilikwenda kwa mkuu. Akasema ameshaandika barua ya shirika yenye muhuri, itatosha, wakaguzi wa barabarani wanatujua. Nikamuuliza kama ana hakika. Akatabasamu akasema nisiwe na wasiwasi kupita kiasi.

Tuliondoka alfajiri kwa magari mawili. La mbele lilikuwa la mkuu na wenzetu wa ofisi. La nyuma lilikuwa letu, na dereva wa Kaikor. Barabara siku hizi ni lami nyeusi iliyonyooka, pande zote mbili mchanga, miiba na vichuguu virefu kama minara. Dada yangu alikaa dirishani. Kila tulipovuka korongo kavu alisema hapa maji yalipita, na hapa pia. Mapajani alikuwa na chakula alichofunga kwenye kitambaa, maana alisema chakula cha mkutano si cha kuaminiwa.

Kwenye kizuizi cha polisi barabarani, gari la mkuu lilipungiwa mkono likapita. Letu likasimamishwa. Askari alikuwa kijana, sare safi, hana makeke. Alimsalimu dereva, akainama dirishani, akanitazama mimi, akamtazama yeye. Sijui alijuaje. Labda ni namna dada yangu alivyokuwa ameishika barua ya shirika tayari, kwa mikono miwili. Akamwomba kibali. Nikaichukua ile barua, nikampa askari. Akaisoma yote, kwa heshima, akairudisha. Akasema hii ni barua nzuri lakini si kibali. Mama huyu atashuka.

Nikamwambia mimi pia si Mkenya. Akasema sawa.

"Mbona mimi huniulizi?" nikasema. "Pasipoti yangu sijaibeba. Iko Kakuma, chumbani."

Ilikuwa kweli, nilikuwa nimeisahau.

"Wewe madam ni wa shirika."

"Na yeye ni wa shirika. Tunafanya kazi moja. Yeye ndiye anayekwenda kuhutubia, mimi nimebeba karatasi zake."

"Yeye ni wa kambi," askari akasema.

Hakusema kwa ubaya. Aliniambia kama unavyomwambia mtu hiki ni kikombe na hiki ni kijiko. Ningependa kusema kuwa nilimchukia yule kijana, ingekuwa rahisi. Alikuwa amesimama juani kwa agizo la watu wanaokaa kivulini, na watu hao nilikula nao meza moja.

Dada yangu akafungua mlango akashuka, gauni lake la bluu likipeperuka, na kitambaa chake cha chakula mkononi. Nami nikashuka. Simu ikaita, mkuu akiwa mbele, ameona hatufuati. Nilimweleza. Akasema pole sana, inasikitisha, lakini mkutano unaanza na mtu mmoja lazima afike na kazi, mimi nirudi garini tuendelee. Nilimwambia siendi. Akasema kwa upole kwamba atamtuma mwenzetu wa ofisi atoe hotuba, picha na maandishi anayo kwenye kompyuta. Nikakata simu. Dereva alizima injini, akashuka, akaja kusimama karibu nasi. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

"Hii barabara iko kwetu," akasema, bila kutuelekea sisi wala askari. "Lakini hata mimi kusimamishwa ni kila siku."

Tulikaa chini ya mgunga tukisubiri askari azungumze na wakubwa wake kwenye redio. Dada yangu akafungua kitambaa. Kulikuwa na bugali, sombe, na vipande vya samaki wale wakavu niliomletea, alikuwa ameweka akiba. Akatugawia, akampelekea na askari. Yule kijana alikataa, kisha akapokea, akala amesimama huku akitutazama pembeni. Nilisema maneno mengi pale chini ya mti. Nilimtukana mkuu, nikaitukana ofisi ya vibali, nikajitukana na mimi. Yeye akala polepole mpaka akamaliza.

"Hasira yako ingali mupya, dada," akasema. "Itunze. Yangu miye chumvi yake ilikwisha."

Walimruhusu arudi, bila kumfungulia shauri, lakini jina lake likaandikwa kuwa alikutwa nje ya kambi. Tulirudi Kakuma. Alibadili gauni, akafunga kitenge cha kazi, mchana ule akawapima watoto.

Mkutano wa Lodwar ulikwenda vizuri. Niliambiwa hivyo na kila aliyerudi. Mwenzetu wa ofisi alitoa hotuba, na ukutani ilionyeshwa picha kubwa ya dada yangu akikoroga sufuria bombani, anacheka, mwanya wote nje. Ukumbi ukapiga makofi. Walinisimulia kama habari njema, nimpelekee.

Nilikwenda ofisini kwa mkuu nikasimama, sikukaa. Nilimwambia picha ya yule mama imepita kizuizini bila kibali, na mwenyewe ameshushwa. Nilimwambia alijua barua haitoshi, au hakujali kujua, na yote ni mamoja. Akasema anaelewa ninavyojisikia. Nikamwambia sikuja kueleweka. Nilitaka mambo mawili. Kazi ya watu wa kambi isisemwe tena mahali ambapo wenyewe hawawezi kufika; wakubwa wa Lodwar waje Kakuma, barabara ni ileile na wao hawashushwi. Na mlango wa kantini ufunguliwe. Akaeleza habari ya sera, na bima, na kwamba mimi ni mtaalamu hodari lakini nimeanza kuchoka, labda nihitaji likizo. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Nilitoka nikiwa nimeuma midomo mpaka ikatoa damu, maana nilijua nikipiga kelele nitakuwa nimemsaidia kuthibitisha kuwa nimechoka.

Sikuandika barua ya malalamiko. Niliwaendea wenzangu mmoja mmoja, nikawaalika kula kibandani. Wengine walikuja kwa udadisi, wengine kwa kunionea huruma. Tumbo halikumuuma mtu. Baada ya muda kantini mchana ilibaki na meza mbili tatu, na mpishi mwenyewe siku moja nikamkuta kwenye benchi la mabati, sahani ya sombe mapajani. Mlango wa kantini haukufunguliwa kwa watu wa insentivu. Mpaka ninaondoka, haukufunguliwa. Lakini mkutano uliofuata ulifanyika Kakuma.

Ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa, mabati juu, feni hakuna. Wageni wa Lodwar walikuja wamechoka, wakijipepea na bahasha, wakilalamikia joto na vumbi kana kwamba kwao kuna theluji. Dada yangu alivaa lile gauni la bluu. Hakutoa hotuba ile ya mazoezi. Alisimama akasimulia kwa Kiswahili chake cha Fizi, na mama mmoja wa Kiturkana akawatafsiria wazee waliokuja na vigoda vyao. Alisema jinsi walivyoanza kupanda, jinsi maji ya bomba yalivyokatwa mboga zikafa, jinsi walivyoanza tena. Hakumshukuru mtu yeyote. Nilimwona mkuu akisubiri shukrani, kalamu mkononi, nami sitasema uongo, nilifurahi kwa uchungu.

Halafu akina mama wakagawa chakula. Ofisa mmoja wa Lodwar, mama mnene mwenye cheo, alikula akaongeza. Akasema mbele ya watu kwamba lazima wanawake wa Lodwar wafundishwe haya mapishi, na akamwomba dada yangu aje kwao hata wiki moja, atapokelewa kama malkia.

"Nitakuja, mama," akajibu akiwa bado ameshika upawa. "Weye unijie na gari, na kile kibali unishikie. Na kama unaweza, waambie waandike na ziwa."

Yule ofisa akasema atafuatilia. Dada yangu akasema asante, akamwongezea mboga, akaenda kwa mtu aliyefuata.

Kibali kilitoka. Kile cha safari ya kwanza, kwa tarehe ambazo zilikuwa zimepita kitambo. Kililetwa kliniki na mtu wa ofisi aliyeonekana kufurahi kuleta kitu. Nilitaka kukichana. Dada yangu akakinyakua, akaniambia nisiwe mjinga, akakiweka pamoja na vingine kama hicho. Sikujua kama kulikuwa na vingine.

Ofisa wa Lodwar hakutuma gari. Labda alifuatilia, labda alisahau. Bajeti ilipokatwa, walioondolewa kwanza walikuwa watu wa insentivu, na barua zao zilitolewa asubuhi moja, kliniki ikiwa imejaa watoto. Mimi nilibakizwa mpaka mkataba uishe, na tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani ilikuwa imeshalipiwa. Siku aliyopokea barua alimaliza foleni. Kisha tukaenda kibandani, maana sufuria za mchana zilikuwa hazijaoshwa. Tuliinama pamoja, mchanga na majivu mikononi. Nikaanza tena kusema, kuhusu mkuu, kuhusu bajeti, kuhusu watu wanaokata mambo wasiyoyaona. Safari hii hakuniambia niitunze hasira. Alikuwa anasugua kwa nguvu mpaka sufuria inalia, midomo imebanwa, na machozi yanamdondokea kwenye majivu. Nikachukua sufuria nyingine.